Ibada ya mavuno msimu korosho zikiwa haba

Muumini, Newala: Shalom wapendwa. Ibada ya mavuno inakaribia, na mikorosho ya wengi ilipigwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, wakati wa maua. Tuongozeje shukrani bila kuwaumiza waliokosa?

Katekista, Masasi: Bwana asifiwe. Msianze na matoleo, anzeni na Habakuki 3:17-18. Mtini hauchanui, zizini hamna ng'ombe, na bado nabii anamfurahia Bwana. Hasemi hasara ni ndogo. Anaitaja kitu kimoja kimoja. Nanyi zitajeni: maua yaliyokauka, deni la salfa, dawa ya ubwiri unga. Nyamazeni kidogo, ndipo mshukuru. Mkiiruka hatua hiyo, watu wataimba midomo tu.

Mama Jumuiya, Lindi: Naongezea hapo. Acheni kutangaza kiasi cha kila mtu. Farisayo wa Luka 18 naye alianza kwa kushukuru, kisha akajilinganisha na mtoza ushuru. Magunia na bahasha zipokelewe pamoja, bila majina. Aliyeleta mihogo asisimamishwe wa mwisho.

Mzee wa kanisa, Nachingwea: Someni pia Kumbukumbu la Torati 26:1-11. Mwenye kapu la malimbuko, mazao ya kwanza, anakiri kwanza alikotoka baba yake, na mstari wa 11 unataka Mlawi na mgeni wafurahi pamoja naye. Kwa hiyo pikeni siku hiyohiyo, wote wale. Nyumbani, sala ya usiku ifuate Wafilipi 4:6: kila ombi liende na shukrani ya jambo mahususi. "Asante kwa yote" ni nyepesi mno, sema, "Asante Bwana, homa ya mtoto imeshuka."