Andiko la ruzuku kwa sekondari ya kata: linakwama wapi?

BodiKasulu
Wakuu, salaam. Bodi ya sekondari yetu ya kata, huku Kasulu, inataka kuomba fedha za kumalizia maabara ya kemia. Boma limefika kwenye lenta. Ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haijengi kitu. Hizi ruzuku za kushindania, wachambuzi wanaangalia nini hasa? Na mbona kuna shule zinapata mara kwa mara na nyingine hazipati kabisa?

Mwanga_Kigoma
Mkuu, ile 25,000 inafuata idadi ya wanafunzi, hamshindani na mtu. Kwenye ushindani, mfano Mfuko wa Elimu ulio chini ya TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania), waombaji ni wengi kuliko fedha, kwa hiyo mchujo wa kwanza kwa kawaida ni wa viambatisho: barua ya mkurugenzi wa halmashauri, muhtasari wa bodi wenye sahihi, uthibitisho wa umiliki wa eneo, michoro, na mchanganuo wa gharama wenye muhuri wa mhandisi. Kikikosekana kimoja, hoja yenu nzuri haisomwi na mtu.

Boma ni turufu yenu. Nguvu za wananchi ziwekeni kwa thamani: tripu ngapi za mawe na mchanga, matofali mangapi, kwa bei ya hapo Kasulu. "Wananchi walichangia" peke yake haina alama.

Halafu maabara si kuta. Mchanganuo ukiishia kwenye bati na rangi, bila sinki, koki, bomba za gesi, njia ya maji taka yenye kemikali na chumba cha maandalizi, mtapata darasa lenye meza ndefu.

Mkaguzi_Isevya
Naongezea kwenye bajeti, maana ndiko wengi wanakoanguka. Bei za vifaa zijumuishe VAT ya 18% na usafiri hadi shuleni. Saruji ya Kasulu haina bei ya Dar. Jumla iliyo kwenye maelezo ilingane na ya kwenye jedwali hadi shilingi ya mwisho. Ratiba nayo: mkipanga kupaua Desemba, mchambuzi anayeijua mvua ya Kigoma atacheka.

Kuhusu wanaopata kila mara, tusikimbilie kusema ni kujuana. Fedha nyingi hutolewa kwa awamu; awamu ya pili inasubiri taarifa ya awamu ya kwanza, yenye risiti za EFD (mashine za kodi), picha na nyaraka za manunuzi kutoka NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni. Shule iliyofunga hesabu zake safi ina cha kuonyesha kwenye ombi linalofuata. Tena andiko lao liko tayari kabla ya tangazo. Nyie mnaanza kutafuta muhuri siku tano kabla ya dirisha kufungwa.

Tumbi_Utafiti
Kwa watafiti wanaopita hapa: fedha za MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, kupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), hushindaniwa vilevile, ila swali liwe jembamba. "Kuboresha uvuvi Ziwa Tanganyika" ni pana mno. "Dagaa waliokaushwa kwenye chanja wanaharibika kiasi gani wakilinganishwa na wa mchangani" linapimika. Utafiti wa afya unaohusisha watu, anzeni na kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) mapema, kinachukua muda.

BodiKasulu
Asanteni sana. Mhandisi ana miradi mingi, tunaweza kumpa fundi wa mtaani atuandalie mchanganuo?

Mkaguzi_Isevya
Fundi apime na kuorodhesha, ruksa. Mhandisi ahakiki, asahihishe na agonge muhuri. Mpelekeeni vipimo vya boma na picha za lenta ili asihitaji safari mbili.