Naombeni ushauri: goti la kushoto halikunji vizuri, baiskeli inawezekana?

Mama Kawe (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Ni mara yangu ya kwanza kufungua uzi, siku zote nasoma na kupita. Nina miaka 54, ni mwalimu, naishi Kawe. Watoto wetu watatu wote wameshaondoka. Wa kwanza kaolewa, wa pili yuko Mwanza kikazi, kitinda mimba kaenda chuo Dodoma. Wenye nyumba zilizobaki na watu wawili mtanielewa. Mpaka leo nikipima mchele mkono unachota vikombe vinne, halafu nakumbuka, narudisha viwili.

Nimenunua baiskeli Kariakoo, mtumba wa Japani, ile ya kike isiyo na bomba la juu, ina kikapu mbele na gia tatu. Shilingi 240,000. Sikuwa nimepanda baiskeli tangu usichana, lakini mwili haukusahau. Nina furaha ambayo sikuitegemea kwa umri huu.

Sasa shida. Goti la kushoto halikunji sawasawa. Liliumia ajalini miaka sita iliyopita, lina vyuma. Kutembea si tatizo kubwa, ngazi ndizo tatizo. Je, kwa goti la namna hiyo mtu anaweza kuendesha baiskeli? Ya aina gani? Nimeuliza mafundi wawili, kila mmoja ana lake. Na njia ipi huku kwetu ni tulivu kwa anayeanza? Naomba majibu mapema, kuna jambo nimelisubirisha.

Nesi Mstaafu
Hongera mama mwenzangu. Wengi wa rika letu tunakaa kwenye viti tukisubiri sukari na presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na baiskeli imo. Maumivu ya goti kwa mbele mara nyingi yanaletwa na kiti kilicho chini mno. Panda, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limepinda kidogo tu. Akina mama wengi tunashusha kiti ili nyayo zote ziguse chini, halafu tunashangaa magoti yanawaka moto. Presha umepima lini?

Msukuma Asilia
Kwetu Shinyanga mwanamke na baiskeli wala si habari. Mama yangu alikuwa na Phoenix ya kiume. Mimi nakaa kwenye bomba la mbele, mdogo wangu mgongoni, gunia la pamba kwenye karia limefungwa kwa mpira. Kwenye mchanga anashuka anasukuma, akipita anapanda tena bila kusimama, mguu mmoja kwenye pedeli, anaruka mara tatu, ameshakaa. Nimejaribu mtindo ule ukubwani nikaangukia kwenye mihogo ya watu. Goti lake halikuwahi kumsumbua. Mleta mada, kanyaga tu.

Mwanamaombi
Mama, pole na hongera. Ila kwa barabara za Dar na bodaboda hizi, mtu mwenye vyuma gotini anatafuta nini barabarani? Watoto wakiondoka Mungu anatupa muda wa kukaa na wenzi wetu na wa kumtumikia yeye. Mwenzio anasemaje? Maana sijaona ukimtaja.

Mzee wa Pantoni
Njia nakupa mimi. Barabara ya Mwai Kibaki siku za kazi usiiguse, ni nyembamba na daladala zinakubana kwenye mtaro. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi ni barabara nyingine kabisa. Nenda Mikocheni, ingia Msasani, tokea Toure Drive, bahari iko kushoto kwako mpaka ufukwe wa Coco. Hapo unapanda Daraja la Tanzanite, lile la 2022, unatokea hospitali ya Aga Khan. Rudi kabla ya saa tatu, jua la huku halina huruma. Mimi ninayeishi ng'ambo, Kigamboni, ninavusha yangu kwa pantoni, nazunguka mpaka Mjimwema. Wanaosifia njia ya baiskeli ya Morogoro Road hawajakutana na bodaboda zinazokimbia foleni humo humo.

Mama Kawe
Asanteni sana. Mzee wa Pantoni, njia hiyo hiyo nimeipita Jumapili mbili sasa. Kwenda na kurudi ni kama kilometa ishirini. Naomba niwaambie jinsi ilivyokuwa, maana nyumbani sina wa kumwambia.

Nilitoka bado giza jepesi. Pale Msasani wavuvi walikuwa wanashusha, harufu ya samaki wabichi ikanipiga usoni, nikasikia vibao vya kikapu changu vinavyolia nikipita kwenye matuta. Darajani upepo unatoka baharini, unakusukuma ubavuni kama mtoto anayetaka kubebwa. Nikabadilisha gia, ikafanya "tki", miguu ikawa myepesi. Juu kabisa ya daraja niliacha kukanyaga nikateremka nikiwa nimekaa tu. Mwalimu mzima, nilicheka peke yangu kwa sauti. Kijana aliyekuwa anakimbia mazoezi akanipungia mkono.

Kuhusu mwenzangu, anajua nina baiskeli. Hajanikataza. Tafadhali turudi kwenye goti.

Kijana wa Ubungo
Wakuu nadhani hii ni chai, stori ya kutunga. Goti lina vyuma, halikunji, ngazi linashindwa, halafu Jumapili mbili mfululizo limepanda Daraja la Tanzanite kilometa ishirini? Na hajataja hata maumivu! Goti hilo la mpira?

Jirani wa Mwenge
Chai ya tangawizi kabisa. Subirini bandiko lijalo litakuja na namba ya simu na bei ya baiskeli za mtumba. Kariakoo wameshagundua humu ndani.

Msukuma Asilia
Mimi namwamini. Ila mihogo niliyoangukia ilikuwa ya babu yangu mwenyewe, nilipunguza aibu.

Nesi Mstaafu
Na mimi nimeshtuka kidogo. Goti lenye shida ya kukunja lingekuwa limekuambia siku ya kwanza kabisa. Mama, ulipanda vipi?

Dada Hesabu
Kabla hamjaongeza sukari, rudini kwenye bandiko la kwanza. Someni polepole. "Goti la kushoto halikunji." "Liliumia ajalini." "Mtu anaweza kuendesha." Hakuna "langu" hata moja. Kwenye mchele kuna mkono wake, kwenye baiskeli kuna mwili wake. Kwenye goti hayupo. Mama Kawe, goti ni la nani?

Mama Kawe
Nimekaa na simu mkononi nusu saa. Dada ameona.

Goti ni la baba watoto.

Yeye ndiye mtu wa baiskeli, si mimi. Mwaka 1994 alinibeba kwenye karia kutoka Magomeni mpaka Coco, nimekaa upande, mkono mmoja umeshika gauni na mwingine umeshika shati lake. Tulikuwa na ahadi yetu ya siku nyingi, kwamba kitinda mimba akiondoka tunanunua mbili. Mwaka 2019 akavuka barabara na baiskeli yake, bodaboda ikamgonga. Alilala miezi minne. Fremu ilipinda. Alipopata nguvu za kutembea aliiburuza mwenyewe mpaka kwa wanunua vyuma chakavu, hakuniita.

Mtoto alipoondoka nikasubiri aseme kitu. Hakusema. Nikanunua yangu peke yangu. Kila Jumapili ananifungulia geti, ananiambia "angalia mchanga kwenye kona", anaingia ndani. Nikirudi nalikuta geti liko wazi vile vile. Baiskeli yenyewe hajawahi kuigusa, hata kuisogeza anapofagia. Anafagia kuizunguka.

Jambo nililolisubirisha ni hili: nimeshalipa kianzio cha ya pili. Laki moja kati ya laki mbili na sitini. Muuzaji kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Mume wangu hajui.

Mwanamaombi
Nimekuelewa sasa, na samahani kwa maneno ya mwanzo. Lakini mama, unamletea mtu kitu alichokiuza chakavu kwa mkono wake. Ungemuuliza kwanza.

Mama Kawe
Nikimuuliza atasema hapana. Tumeishi miaka 29. Hata fimbo ya kutembelea aliikataa kwa daktari. Nikainunua, nikaiegemeza nyuma ya mlango wa chumbani bila neno. Ikakaa wiki tatu. Ya nne nikiwa jikoni nikasikia sakafu inagongwa.

Mzee wa Pantoni
Fimbo haimkumbushi siku ya ajali, mama. Baiskeli inamkumbusha. Nina kaka yangu alizama na ngalawa akaokolewa, mpaka leo hapandi pantoni, anazunguka Daraja la Nyerere na gari la kukodi kuja kunisalimu. Hakuna aliyemlazimisha na hakuna atakayeweza.

Mama Kawe
Hilo sina jibu lake.

Dada Hesabu
Nikuulize bila kukukosea heshima. Hiyo ya pili ni kwa ajili yake, au ni ili wewe utoke Jumapili bila kugeuka kuangalia geti?

Mama Kawe
Yote mawili, mwanangu. Nikiteremka lile daraja nacheka, halafu nikifika chini nakumbuka nani alinifundisha kuteremka.

Kijana wa Ubungo
Mama shikamoo. Nafuta neno langu la chai. Naomba unisamehe.

Mama Kawe
Marahaba. Mimi ndiye niliyeficha.

Fundi Spoku
Nimechelewa, nilikuwa na panchi tangu asubuhi. Habari za kianzio tuziweke pembeni, tuanze na goti, kwa sababu kila mtu amejibu la mama na hakuna aliyejibu la baba.

Goti hukunja zaidi pedeli ikiwa juu. Mkono wa pedeli, krenki, kwenye baiskeli ya mtu mzima huwa kama milimita 170. Ukifunga wa 140, pedeli ikifika juu inakuwa imeshuka milimita 30. Pedeli ya chini nayo imepanda 30, kwa hiyo na kiti unakipandisha 30. Jumla goti limepata nafasi ya milimita 60, kama upana wa vidole vitatu. Kwa goti gumu hiyo ni nafasi kubwa. Usikubali fundi akufupishie upande wa kushoto peke yake, kiti hakiwezi kufuata miguu miwili yenye mizunguko tofauti, kiuno kitalipa. Mikono mifupi nachomoa kwenye baiskeli za watoto, ila lazima nione kama tundu lake linaingia kwenye ekseli ya kati ya hiyo mliyoilipia.

Fremu iwe kama yako, isiyo na bomba la juu, asilazimike kurusha mguu. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, zote mbili zifutwe kwa kitambaa cha maji yasiyo na chumvi, mnyororo ukauke, kisha tone la oili. Chumvi inakula mnyororo mkiwa mmelala.

Kupima: mkalishe kwenye meza ngumu, miguu ining'inie. Avute kisigino nyuma chini ya meza bila kusaidiwa na mkono. Mguu ukipita wima ukaenda nyuma hata kidogo, tuna pa kuanzia. Usipofika wima, mama, usitoe shilingi nyingine. Na hata ukipita, aonwe kwanza na watu wa fiziotherapia, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanalo hilo. Mwenye vyuma hapandi baiskeli kwa neno la fundi.

Nesi Mstaafu
Fundi amesema kama daktari. Mama, usiache hilo la mwisho.

Mama Kawe
Nimempima jana usiku.

Ilikuwa taarifa ya habari ya saa mbili. Nikamwambia akae juu ya meza ya jikoni mara moja. Akaweka fimbo, akakaa, hakuuliza. Nikachuchumaa na rula yangu ya darasani, ile ndefu ya mbao. Nikamwambia vuta kisigino nyuma. Akavuta. Mishipa ya shingo ikasimama, nikamwambia basi, akasema bado. Kisigino kikapita wima, kikaenda nyuma upana wa kiganja changu.

Akaniuliza nani kanifundisha kupima hivyo. Nikasema fundi. Akasema, "Fundi wa miguu au wa baiskeli?" Nikashindwa kudanganya, nikanyamaza. Akashuka mezani, akachukua fimbo, akaenda kulala kabla habari za michezo hazijaisha, kitu ambacho hafanyi.

Asubuhi tumekunywa chai. Hajasema chochote.

Fundi Spoku
Upana wa kiganja ni mzuri kuliko nilivyotegemea. Baiskeli iache dukani kwanza. Njoo Jumanne na kipimo cha mguu wake, kutoka pajani kwa ndani mpaka kisigino. Nipo Mwananyamala, nafungua saa mbili asubuhi.

Mwanamaombi
Tunaomba mrejesho, mama.

Mama Kawe
Ameniuliza sasa hivi huyo fundi yuko wapi. Nimemjibu Mwananyamala. Sijajua kauliza kwa hasira au kwa kutaka kujua, uso wake ulikuwa dirishani. Jumanne nakuja peke yangu. Kipimo cha mguu nitakichukua kwenye suruali yake.