Riwaya za Ursula K. Le Guin: nivumilie The Left Hand of Darkness au nianze na nyingine?

Msomaji wa Nyanda za Juu:
Wanajukwaa, ninaomba ushauri wenu. Nilisoma A Wizard of Earthsea, riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1968, nikaipenda mno, nikampa mwanangu wa kidato cha pili, naye akaimaliza kabla ya likizo kwisha. Sasa nimehamia The Left Hand of Darkness, iliyotoka mwaka uliofuata na kupata Hugo na Nebula, tuzo kubwa za riwaya za kisayansi, na humo nimekwama. Sura za mwanzo zimejaa gwaride, fitina za ikulu na majina ya nchi nisizozijua. Je, nivumilie, au kuna riwaya yake nyingine inayofaa kutangulia? Na mwanangu asome kipi baada ya hicho cha kwanza?

Ukurasa wa Pili:
Ndugu mleta mada, vumilia. Kitabu hicho kimeandikwa kwa sehemu kubwa kama ripoti ya mjumbe, Genly Ai, aliyetumwa peke yake kwenye sayari ya Gethen yenye baridi kali ili awashawishi wakazi wake wajiunge na umoja wa sayari nyingine, na kwa kuwa yeye mwenyewe haelewi mengi anayoyaona, msomaji naye analazimika kujifunza polepole. Le Guin alikuwa binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, na kwa maoni yangu malezi hayo yanajitokeza katika namna anavyoieleza jamii kupitia desturi zake. Rudi kwenye sherehe ya sura ya kwanza, pale mfalme anapoweka jiwe la kati la tao jipya. Chokaa inayolishikilia ina wekundu usioonekana kwenye mawe mengine, na Ai anapouliza, Estraven, waziri mkuu wa mfalme huyo, anamweleza kwamba hapo kale ilichanganywa na damu na mifupa ya watu, lakini siku hizi hutumika damu ya wanyama. Ukilisoma hilo kwa utulivu, gwaride halitakuchosha tena. Watu wa Gethen si wanaume wala wanawake, isipokuwa kwa siku chache za kila mwezi, na jambo hilo linamfanya Ai amtilie Estraven shaka mpaka wawili hao wanapoburuta mizigo yao kwenye jangwa la barafu na kulala katika hema moja. Sijasoma safari nyingine katika riwaya za kisayansi iliyonigusa kama hiyo.

Mpenda Riwaya:
Kwa heshima, ninatofautiana na mwenzangu. Msomaji aliyekwama asilazimishwe. Aanze na The Lathe of Heaven ya mwaka 1971, ambayo ni fupi na inatukia Portland, mji alioishi mwandishi mwenyewe. George Orr ana ndoto zinazobadilisha dunia, na daktari wake, Haber, anazitumia kutengeneza dunia anayoiona kuwa bora. Haber anapotaka ubaguzi wa rangi ukome, Orr anaota, na anapoamka watu wote wamekuwa na ngozi ya kijivu. Heather Lelache, mwanasheria aliyezaliwa na baba mweusi na mama mweupe, hayumo tena katika dunia hiyo. Ukurasa huo unaonyesha ukatili wa wema unaofuta watu, na hauhitaji ujue ramani ya sayari yoyote.

Mama wa Vitabu:
Mimi nitajibu kuhusu mtoto. Aendelee na mfululizo uleule wa Earthsea: ampokee Tenar katika The Tombs of Atuan, msichana anayechukuliwa angali mdogo kuwa kuhani wa makaburi na kunyang'anywa hata jina lake. Kisha asome The Farthest Shore. Tehanu, ya mwaka 1990, ningeiweka kando kwa muda, kwani inahusu mtoto aliyeteswa na kuchomwa moto, na ni vyema mzazi aitangulie kuisoma. Mwambie pia kwamba Ged, mhusika mkuu wa A Wizard of Earthsea, ana ngozi ya hudhurungi na rafiki yake Vetch ni mweusi. Mwandishi alikusudia hivyo, na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2004 ilipomfanya Ged kuwa mweupe, alilalamika hadharani.

Msomaji wa Nyanda za Juu:
Nawashukuru sana. Nitairudia sura ile ya kwanza usiku wa leo. Swali moja limebaki: riwaya yake nyingine, The Dispossessed, inahitaji maandalizi yoyote?

Ukurasa wa Pili:
Haihitaji, ila zingatia kwamba sura zake zinapishana, moja ikiwa kwenye sayari ya Urras na nyingine kwenye Anarres, alikokulia mwanafizikia Shevek, na kwamba wakati nao unarudi nyuma. Ilitoka mwaka 1974, lakini matukio yake yanatangulia yale ya Gethen. Nadharia ya Shevek ndiyo inayowezesha kutengenezwa kwa chombo cha kuwasiliana papo hapo kati ya sayari, kile ambacho Genly Ai anamwonyesha mfalme. Kwa hiyo ukiisoma baada ya hiyo uliyo nayo, utajua chombo hicho kilimgharimu nini aliyekibuni.