Aider na qwen2.5-coder kwenye Ollama: inasahau faili, mabadiliko hayaingii

kodi_usiku:
Wakuu, naomba msaada. Aider (programu ya terminal inayoandika kodi kwa msaada wa modeli ya AI) nimeiondoa kwenye modeli za kulipia, nikaiunganisha na qwen2.5-coder:7b, modeli ya kuandika kodi, inayoendeshwa na Ollama (programu ya kuendesha modeli) humuhumu kwenye mashine. Ubuntu, RAM GB 16, kadi ya michoro ya NVIDIA yenye GB 8. Mpangilio ni huu:

`export OPENAI_API_BASE=http://localhost:11434/v1`
`export OPENAI_API_KEY=chochote`
`aider --model openai/qwen2.5-coder:7b`

Faili likiwa moja dogo, safi kabisa. Nikiongeza la pili na la tatu, inaanza kuita fanksheni ambazo hazipo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mara nyingine Aider inakataa mabadiliko, eti kipande cha SEARCH (mistari ya zamani ambayo modeli inataka kuibadilisha) hakifanani na kilichomo kwenye faili. OLLAMA_CONTEXT_LENGTH=32768 ipo tayari kwenye .bashrc. Ndiyo kusema ninunue kadi kubwa zaidi?

mzee_wa_seva:
Mkuu, hela yako weka kwanza. Hayo ni matatizo mawili, nami najibu la kusahau.

Ollama ikipewa maandishi yanayozidi muktadha uliopangwa (kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kushika kwa mara moja), inakata ya zamani kimyakimya, ndiyo maana huoni kosa. Njia ya /v1 uliyotumia, inayoiga API ya OpenAI, haina mahali pa kutaja ukubwa wa muktadha, kwa hiyo unabaki na ule wa seva: kwa kadi kama yako ni tokeni (vipande vya maneno) 4096, na matoleo ya zamani ni 2048. Maelekezo ya Aider peke yake yanakula sehemu nzuri ya hapo. Hiyo .bashrc haikusaidii, kwa sababu Ollama inawashwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux), nayo haisomi .bashrc ya mtu. (Wengi wananasa hapa.)

Tumia njia halisi ya Ollama:

`export OLLAMA_API_BASE=http://127.0.0.1:11434`
`aider --model ollama_chat/qwen2.5-coder:7b`

Hapo Aider yenyewe inaomba muktadha unaotosha kila ombi. Kama kuna programu nyingine inayotegemea /v1, endesha `sudo systemctl edit ollama`, chini ya [Service] andika `Environment="OLLAMA_CONTEXT_LENGTH=32768"`, kisha `sudo systemctl restart ollama`.

binti_linux:
Naongezea hesabu ya kadi. Modeli yenyewe ni GB 4.7. Ina tabaka 28 na vichwa 4 vya KV (kumbukumbu ya muktadha) vyenye upana wa 128, hivyo kila tokeni inashika takribani KB 56. Tokeni 32768 ni karibu GB 1.9. Jumla 6.6, na bado kuna skrini yako na kivinjari. Inabana, lakini inaingia. Hakikisha kwa `ollama ps`: safu ya PROCESSOR isome 100% GPU. Ukiona sehemu imehamia CPU, kasi itaanguka vibaya. Shuka hadi 16384, au kwenye huohuo ukurasa wa systemd weka OLLAMA_FLASH_ATTENTION=1 na OLLAMA_KV_CACHE_TYPE=q8_0; hiyo sehemu ya GB 1.9 inapungua karibu nusu.

mzee_wa_seva:
Sawa kabisa. Na kuhusu SEARCH: kipande hicho lazima kifanane na faili herufi kwa herufi, nafasi za mwanzo wa mstari zikiwemo, na modeli ndogo za 7B (vigezo bilioni 7) hukosea hapo. Ongeza `--edit-format whole`, iandike faili zima upya. Gharama yake ni muda, na faili la mistari 800 litakuchosha. Lipasue.

kodi_usiku:
ollama_chat imekubali, na PROCESSOR ni 100% GPU. Asanteni sana. Kwa kazi ngumu, naweza kuchanganya na modeli ya mtandaoni?

binti_linux:
Ndiyo, ukiwa na DEEPSEEK_API_KEY:

`aider --architect --model deepseek/deepseek-chat --editor-model ollama_chat/qwen2.5-coder:7b`

Ya kwanza inapanga, ya pili inaandika. Ila faili utakazoongeza zitatoka nje ya mashine yako, basi kama kodi ni ya mteja, pata ruhusa yake kwanza. Andika `/tokens` kabla ya kutuma uone kinachobebwa, na `/drop` kwa faili usilolihitaji.