Mjomba anakuja Berlin, tumpeleke kula wapi?

Kutoka: Mtanga wa Spandau

Shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za siku.

Mjomba wangu anakuja kutoka Tanga, atakaa kwetu siku kumi na mbili. Nyumbani tunapika, hilo halina tabu. Lakini tunataka tumtoe mara tatu nne, asije akarudi akasema aliitwa Ulaya akafungiwa jikoni kwa mpwa wake. Hali nguruwe, hanywi pombe, ana miaka 68, na chakula cha baridi kwake ni kiporo hata kipambwe vipi. Mwaka juzi mgeni mwingine nilimpeleka mgahawa wa Kihindi jirani na kwetu, nikajua biriani itatusitiri. Kikaja wali mweupe na mchuzi wa krimu, mtamu kama wa kumiminia keki. Mgeni akala kwa adabu, njia nzima hakusema neno. Sitaki kuaibika tena. Mfuko wenyewe ni wa kawaida tu.

Kutoka: Mama wa Wedding

Marahaba mwanangu, na mjomba karibu sana.

Kwanza usihangaike kutafuta ugali. Huku Wedding migahawa ya Waafrika ipo, ila mingi ni ya ndugu zetu wa Magharibi: wali wa jollof, egusi, fufu. Mimi navipenda, lakini mtu wa Tanga akimega fufu akitarajia sembe, uso wake utakuambia. Tafuta chakula kinacholiwa kama cha kwetu, hata kama hakifanani na cha kwetu.

Kwa hiyo anza na Wahabeshi, watu wa Ethiopia na Eritrea. Wako Schöneberg, Kreuzberg, Neukölln, hata huku. Sinia moja katikati, mikono yote humo, mwenyeji anamsogezea mgeni mnofu. Mjomba hatafundishwa kitu. Mwambie mapema tu kwamba injera, ule mkate wao mwembamba laini, ina uchachu, asidhani imeharibika. Wengi wao ni Wakristo wa Orthodox. Nguruwe hawana, lakini kama mjomba anaangalia na mchinjaji, ulizeni. Mkiona jibu linasuasua agizeni beyaynetu, chakula chao cha mfungo: dengu, mbogamboga, viazi, kila kimoja na fungu lake juu ya injera, hakuna nyama. Msiondoke bila kahawa. Buni inakaangwa, inapitishwa mezani ikifuka moshi kila mtu anuse, ubani unachomwa pembeni, ndipo inapikwa. Ni shughuli ya saa nzima. Mkiwa na haraka msiiagize.

Halafu kuna Wasudani. Mimi huenda Nil, Grünberger Straße kule Friedrichshain. Falafel, zile bajia zao, au kuku, kwenye mkate au sahani, na juu wanamwaga mchuzi wa karanga. Huo mchuzi ndio habari yenyewe: mzito, unateleza mpaka kwenye kiwiko, ukivaa shati jeupe umejitakia. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo mzee mpeleke saa tisa mchana, si jioni vijana wakijaa.

Na wewe wa Spandau una bahati hujaijua: U7, treni ya chini ya ardhi. Unapanda Rathaus Spandau, mjomba anakaa kitini, mnashuka Hermannplatz bila kubadilisha treni. Mkitoka hapo Sonnenallee inaanza, barabara ya Waarabu. Ful, hummus, kuku wa kuchoma, kunafa ya moto. Azzam wana hummus nzuri na bei ya watu. Mjomba atatoa salamu alaikum atajibiwa na nusu ya mtaa, na hilo litamshibisha kuliko chakula.

Kutoka: Mmombasa wa Neukölln

Mama, shikamoo. Yote nakubali, ila mzee akae siku kumi na mbili Ujerumani asionje cha Wajerumani? Si vizuri hivyo. Tatizo ni kujua nguruwe amejificha wapi, maana kwenye menyu haandikwi kila mara kwa jina lake. Schwein kila mtu anaijua. Lakini Speck na Schinken ni yeye. Bulette, ile kababu yao, mara nyingi ni nyama mchanganyiko, ng'ombe na nguruwe pamoja; ukiona gemischt, pita. Viazi vya kukaanga, Bratkartoffeln, hutiwa vipande vya Speck bila mtu kukuuliza. Na supu ya dengu! Kwa Waturuki unakunywa ukiwa na amani kabisa, kwa Wajerumani mara nyingi ina soseji ndani. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliinywa kantini mwezi mzima nikishukuru Mungu kwamba hapa dengu zipo.

Currywurst, soseji yao ya kumwagiwa mchuzi wa nyanya na bizari, ni ya mji huu, Herta Heuwer alianza kuiuza Charlottenburg mwaka 1949, na pale palipokuwa kibanda chake pana kibao cha ukumbusho. Ya kawaida ni ya nguruwe. Vipo vibanda vinavyouza ya ng'ombe, uliza Rind kabla hujalipa.

Döner, ile nyama ya Waturuki inayozungushwa motoni, msiidharau. Ile ya ndani ya mkate, ya kushika mkononi, wengi humtaja Kadir Nurman, aliyeiuza karibu na stesheni ya Zoo mwaka 1972, ingawa wako wanaobisha. Siku hizi ni euro saba, nane. Soma kibao: kikisema Döner, nyama ni ya ng'ombe, ndama au kondoo, kuku huandikwa kuku. Kikisema Drehspieß, ujue wameichanganya na unga au vinginevyo mpaka kanuni za vyakula zimewanyima jina. Pale Mehringdamm (U7 hiyohiyo) pana kibanda chenye foleni ya watalii inayopinda kama nyoka. Mzee wa 68 asimamishwe nusu saa kwenye baridi kwa ajili ya mkate? Tembeeni dakika tano mtapata kizuri vilevile.

Kutoka: Mhasibu wa Lichtenberg

Mimi nitasema ya pesa tu, maana hapo ndipo nilipoumia.

Nilipofika nilitaka kuwazoea wenzangu kazini. Ijumaa nikawaambia kwa Kijerumani changu cha wakati ule: Ich lade euch ein. Nikidhani nasema twendeni wote. Wakaja sita, wamefurahi kweli. Mhudumu alipouliza zusammen oder getrennt, yaani bili ya pamoja au kila mtu yake, wote wakanitazama kwa upole. Kumbe lile neno maana yake nalipa mimi. Euro 180 na ushee, na mshahara ulikuwa bado siku tisa. Ukitaka kila mtu ajilipie sema Wollen wir essen gehen, uishie hapo. Na siku yako ya kuzaliwa usingoje kununuliwa, mwenye sherehe ndiye mlipaji.

Sasa mjomba. Mwombe mhudumu zusammen mapema, mzee akiwa chooni, la sivyo atasikia meza ya pili watu wanagawana bili ya juisi atajiuliza wamegombana nini. Bahashishi ni asilimia tano mpaka kumi, na huachi mezani: bili ikiwa 37, unampa 40 unasema stimmt so, chenji baki nayo. Beba noti. Kuna sehemu wanaandika Nur Barzahlung mlangoni, na kuna wanaopokea kadi za benki za hapa lakini Visa hawaitaki.

Maji: usiposema ohne Kohlensäure yatakuja yenye gesi. Ya bomba ni lazima uyaombe, na wengine hununa. Yakiwa ghali, sheria yao inataka angalau kinywaji kimoja kisicho na kileo kisizidi bei ya kileo cha chini kabisa kwa kipimo hichohicho. Wenyewe wanaiita sheria ya juisi ya tufaha.

Mkiwa huku kwetu, Dong Xuan Center, Herzbergstraße. Soko la Wavietinamu, mabohari marefu, na humo ndani supu ya pho ya ng'ombe inayounguza ulimi. Jumanne wanafunga.

Kutoka: Mama wa Wedding

Nilisahau. Mkija kula huku, mshukie U6 Afrikanische Straße kwanza. Katika mtaa ule wa barabara zenye majina ya Kiafrika, iliyokuwa Petersallee, ya Carl Peters yule yule mkoloni wa Kijerumani, tangu Agosti 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee. (Mwaka 1986 walisema ni ya Peters mwingine. Haya.) Na Tangastraße iko hapohapo.

Kutoka: Mtanga wa Spandau

Mrejesho kama nilivyoahidi, na shukrani kwenu nyote.

Kwa Wahabeshi alikula vizuri, akamsifu mama aliyekaanga kahawa mpaka akaongezewa kikombe. Injera aliiita "mkate wenye hasira". Nil alivaa shati jeupe, mke wangu alimwonya, hakusikia. Sonnenallee tulikwenda mara mbili, ya pili kwa ombi lake, na alilipa yeye. Alikuwa ameshanizidi akili, alimpa mhudumu noti wakati mimi nikitafuta choo. Kilichomshangaza kuliko vyote si bei wala nguruwe, ni mbwa aliyelala chini ya meza ya jirani na hakuna aliyemfukuza.

Wedding tukampiga picha chini ya kibao cha Tangastraße. Alikisoma mara mbili, akaniuliza, "Na huko kwetu mtaa wa Berlin uko wapi?" Akataka chakula cha hapo hapo, tukanunua döner. Hakuimaliza, akaifunga kwenye karatasi yake akaitia mfukoni mwa koti.

Asubuhi namkuta jikoni anaikula na chai, ya baridi, hata kuipasha hakuipasha. Nikamwambia, "Mjomba, kiporo hicho." Akasema hicho hakikulala, kilikuwa safarini naye.

Anaondoka Alhamisi na anataka mchuzi wa karanga aende nao Tanga. Kuna anayejua kama pale Nil wanauza wa kubeba kwenye chupa, au nijaribu kuupika mwenyewe?