Mjadala: Kompyuta ichague picha za utumbo, daktari asome zilizochaguliwa tu?

Mtoa mada
Wakuu, kipimo cha mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni huishia mwanzo wa utumbo mwembamba, na cha njia ya haja kubwa huchungulia mwisho wake tu. Sehemu ya katikati, mita kadhaa, ndiyo tunayoifuata kwa kidonge cha kamera kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2001. Mgonjwa anakimeza, kinashuka kikipiga picha zaidi ya 50,000, kisha mtu anakaa kuzipitia. Mshipa unaovuja damu unaweza kutokea kwenye picha mbili au tatu, ukapita.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa hospitali 77 za China. Usomaji wa kawaida ulichukua wastani wa dakika 96.6 kwa mgonjwa na kunasa asilimia 74.57 ya wenye kasoro. Programu ya akili mnemba ilipochuja kwanza, daktari alimaliza kwa dakika 5.9, wakanaswa asilimia 99.88. Macho yanachoka, jamani. Programu ichuje, zilizobaki ndizo asome daktari. Karibuni.

Dokta wa Wilaya
Mkuu, takwimu nazikubali, uamuzi wako siukubali. Mwaka 2025 utafiti wa Poland kwenye utumbo mpana ulionyesha kuwa madaktari waliozoea kusaidiwa na akili mnemba, walipofanya kipimo bila msaada huo, ugunduzi wa vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani ulishuka kutoka asilimia 28.4 ya vipimo hadi 22.4. Kijana anayeanza leo na picha zilizochujwa atajifunzia wapi?

Halafu wagonjwa wetu. TB ya utumbo na ugonjwa wa Crohn (kinga ya mwili inapoushambulia utumbo) huacha vidonda vinavyofanana mno, na dawa za Crohn zinazoshusha kinga zinaweza kumwangamiza mwenye TB. Programu isiyofunzwa kwa picha za huku siiamini. Hiyo TB hubana utumbo pia, kidonge kikakwama mpaka upasuaji. Hatari hiyo unaijua kwa kumhoji mgonjwa kabla hajameza.

Mtoa mada
Dokta, hilo la wanafunzi limenigusa. Basi wanaojifunza wasome filamu nzima kwanza, ndipo wafungue majibu ya programu. Kwa bingwa mwenye foleni ya wagonjwa wanaopungukiwa damu, nabaki palepale.

Dokta wa Wilaya
Na picha zilizoachwa zihifadhiwe, fungu lake lisomwe kila mwezi na mtu mwingine. Hospitali isiyoweza hilo isubiri.