Msaada: trampolini kwenye gemu ya 2D (Godot 4, programu ya kutengenezea gemu) inarusha vimo tofauti

kijana_wa_pikseli: Wakuu, habari zenu. Natengeneza gemu ya kukimbia na kuruka, vigae vya pikseli 64, mvuto 980 (kasi ya kushuka inaongezeka pikseli 980 kwa sekunde, kila sekunde). Trampolini ni StaticBody2D (kitu kigumu kisichosogea) yenye Area2D (eneo linalotambua mguso) juu yake. Mhusika akiigusa naandika `velocity.y += -708` (kuongeza -708 kwenye kasi ya wima) ili apande vigae 4. Mara anakaribia, mara anainuka kidogo tu kama aliyejikwaa. Shida iko wapi?

mzee_wa_kodi: Hiyo `+=` ndiyo inayokuponza. Godot inahesabu kushuka kuwa chanya na kupanda kuwa hasi. Akitua na kasi ya 400, inabaki -308, ambayo inampandisha pikseli 48 basi. Andika `velocity.y = -708`, alivyoanguka kusihusike. Hiyo 708 iko sawa: ni kipeuo cha pili cha 2 × 980 × 256. Ila ukipima utapata kama 250, kwa sababu mvuto unaipunguza kasi kila fremu (picha moja ya gemu) kabla hajasogea. Shusha ukingo anaotakiwa kufikia hadi vigae 3 na nusu, mchezaji apate nafasi ya kukosea.

kijana_wa_pikseli: Imekubali, asante mkuu. Lakini akidondoka kutoka juu sana, kuna wakati hairushi kabisa. Sharti nililoweka ni `velocity.y > 0`.

dada_spraiti: Sharti hilohilo. Akianguka kwa 1200, fremu moja (60 kwa sekunde) inamsogeza pikseli 20. Area yako ikichomoza pikseli 4 juu ya jukwaa, anaigusa na kutua kwa mpigo mmoja, `move_and_slide()` (amri ya Godot ya kumsogeza mhusika) inarudisha kasi kuwa 0, sharti linakataa. Tumia `>= 0`. Halafu punguza upana wa Area pikseli 4 kila upande, la sivyo atarushwa hata akigusa ubavu akitembea.

mzee_wa_kodi: Na kama una ile kanuni ya kukata mruko mchezaji akiachia kitufe (`velocity.y *= 0.5`), itakula trampolini pia: kasi nusu ni kimo robo. Weka kigeu `amerushwa`, kiwe kweli anaporushwa, na kanuni isifanye kazi hadi aanze kushuka. Sonic ya kwanza iko hivyo: kuachia kitufe kunakata mruko wake mwenyewe tu, si wa springi. Kama unampa mchezaji muda mfupi wa kuruka baada ya kuondoka ukingoni, ufute palepale anaporushwa. Usipoufuta, akibonyeza kitufe -708 inafunikwa na mruko wa kawaida.

dada_spraiti: Usimlazimishe kubonyeza kwa wakati kamili kama Super Mario Bros. ya 1985, inakera wanaoanza. Na picha ya kubonyea ianze akisharushwa, fremu 2 au 3. Ukiisubiri iishe ndipo arushwe, trampolini itaonekana nzito.

kijana_wa_pikseli: Kumbe kanuni ya kukata mruko ninayo. Naongeza kigeu sasa hivi.